Safu ya Asili

Dar es Salaam, 11 Februari 2023

Shangazi Mwamini,

Shikamoo. Najua huko Kolwezi mnalicheka neno hili, lakini miaka sita ya Dar imenitia adabu za hapa na siwezi kuzivua kila ninaposhika kalamu. Sisi wazima. Mdogo wangu Yasmine amemaliza mwaka wa pili wa uuguzi, anakusalimia na anaomba ile picha ya harusi ambayo Baba amevaa kofia iliyomzidi kichwa. Binamu Mansour alifika Alhamisi na lori lake baada ya kukwama siku tisa mpakani Kasumbalesa. Amekonda. Karanga zako zimefika zote, kwa hiyo njiani alikuwa na chakula kingine.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike kurasa mbili badala ya ile moja uliyoizoea.

Ofisi ninayofanyia kazi ya usanifu imepewa mradi wa kuchora mtaa mpya huko kwenu Kongo. Kampuni moja ya mgodi inataka ardhi ya mtaa ulio upande wa Kingamyambo, kaya arobaini na sita, na wakazi watajengewa kwingine, kando ya barabara ya Nzilo. Nilipofungua ramani nikaona ni mtaa wetu. Niliona hadi bati la nyumba yako. Nikamwomba bosi anipe kazi hiyo, akasita, halafu akanipa.

Sitachora nyumba moja na kuirudia mara arobaini na sita. Chuoni tulifundishwa kwamba msanifu wa kawaida humchorea "mtu" bila kusema mtu yupi, na mara nyingi mtu huyo hufanana na msanifu mwenyewe. Sisi tunafikiri vingine. Tunasema ndani ya dunia hii zimo dunia nyingi, na kila moja ina namna yake ya kujua wapi pa kulala, wapi pa kupikia, nani apite mlango gani, maiti alazwe upande upi. Kazi ya msanifu si kuziyeyusha ziwe moja, wala kuchagua iliyo bora. Kazi yake ni kutafuta mpango ambao zote zitaenea. Kwa hiyo hivi karibuni watakuja wasichana wawili wenye tableti, watauliza kila kaya jina, idadi ya watu, namna ya kuishi, na asili. Fomu nimeichora mwenyewe. Safu nne, zimenyooka, kama Baba alivyonifundisha kwa rula yake ya mbao. Unakumbuka madaftari yake ya ukarani wa mtaa? Hayana doa la wino hata moja.

Niandikie mnavyoishi kwenye lupango wewe na Mama Tshibola. Hapa Dar nikisema lupango hawanielewi, wanataka niseme kiwanja chenye uzio. Andika yote, hata yale unayoona hayana maana.

Mwanao,
Bilkisi


Kolwezi, 9 Machi 2023

Bilkisi mwanangu,

Amani ikukute wewe na Yasmine. Simu yako niliiona ikiita mara tatu na sikuipokea. Kwenye simu unanikatiza, na humu kwetu simu husikilizwa na watu wanne pamoja na mbwa. Barua haikatizwi. Goti langu linanisumbua kupanda ngazi, kwa bahati nzuri sina ngazi. Mvua imeangusha ukuta mmoja wa choo, Lukusa wa jirani ameusimamisha tena. Picha ya harusi nimempa Mansour, akiipoteza nijulishe.

Dunia nyingi umezikuta Dar, ukapewa na cheti. Hongera. Sisi hapa tunazifagia kila asubuhi.

Umeuliza tunavyoishi, nitakuandikia kama mwalimu mstaafu anavyopaswa, kwa mpangilio, ila mpangilio wenyewe haupo. Lupango ni mmoja, nyumba mbili, yangu upande wa barabara na ya Tshibola nyuma. Choo ni kimoja. Tulipokijenga nilimwambia kisielekee kibla wala kukipa mgongo, akaniuliza kibla ni wapi, nikamwonyesha kaskazini, kidogo kuelekea mashariki, akasema huko ndiko upepo unakotoka, basi na yeye hataki. Tukakielekeza kwa Lukusa. Chungu chake cha nyama ya nguruwe kina msumari wake ukutani, sikigusi, naye akikiosha humwaga maji nje ya uzio. Wakati wa Ramadhani huhamisha mbabula yake, lile jiko la makaa, nyuma ya nyumba. Sikumwomba, na moshi unanifikia vilevile.

Kuna Ntambwe, mume wa binti yake. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani uso kwa uso, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Akija kumleta mjukuu hupitia kwangu, anakohoa, mimi nasema "Ntambwe iko hapa," Tshibola anageuza kiti. Kisha wanaongea vizuri kabisa, yeye akiutazama mpapai na mkwewe akiutazama ukuta wangu. Nyumba yenye korido moja hawa wawili hawaiwezi.

Mbwa wa Tshibola ninamchukia. Akinigusa natawadha upya, na yeye anajua, na anamfungua. Miaka ishirini na tano tumegombana juu ya mbwa watatu. Hatujakubaliana na sidhani kama tutakubaliana. Usije ukatuchorea mahali pa kukubaliana, tutapakosea matumizi.

Ninachotaka mimi ni kitu kimoja, ukikiandika vingine vyote unaweza kuvifuta: huko Nzilo tuwe lupango mmoja, au kama haiwezekani, kuta mbili na mlango katikati.

Wasichana wa tableti walikuja Jumanne. Tumewajibu.

Shangazi yako,
Mwamini


Dar es Salaam, 2 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Ramadhani njema. Yasmine ameiweka picha ukutani na wageni wote wanauliza kofia ni ya nani. Mimi nafunga na kuchora, mambo mawili yasiyopatana, kwa sababu mchana mistari inacheza.

Barua yako niliisomea ofisini. Bosi alitaka nimtafsirie habari za Ntambwe mara mbili. Nimewachorea nyumba yenye njia mbili za kuingia, na hakuna korido.

Majibu ya wasichana yamefika na yamenishangaza. Kati ya kaya arobaini na sita, kaya arobaini na moja asili yao ni Maniema na ni Waislamu. Sikujua kwamba tulikuwa wengi hivyo. Tano zilizobaki ni za Kilunda na Kisanga. Nimepaka ramani rangi: kijani kwa Maniema, buluu kwa hao watano, na katikati nimeacha ukanda wa miti ili kila dunia ipumue bila kukanyagwa na nyingine. Upande wa kijani una mabomba ya kutawadhia na vyoo vyote vimegeuzwa. Rangi ya njano niliiweka kwa ajili ya watu wa Kasai, lakini hakuna hata kaya moja iliyojitaja. Wamehama?

Jambo la pili. Kwenye lupango wako nimekuta wewe na mdogo wako Zainabu. Sikuwahi kusikia kwamba una mdogo. Ametoka kwetu Kasongo? Na Mama Tshibola kaenda wapi? Kama alisahaulika niambie mapema, nitamwekea sehemu ya njano ng'ambo ya miti, karibu na mahali pa kanisa. Ni kama mita mia sita kutoka kwako, nyumba nzuri, na atakuwa na watu wake.

Orodha yenyewe imetoka safi sana. Baba angeipenda.

Mwanao,
Bilkisi


Kolwezi, 20 Mei 2023

Bilkisi,

Idi ilipita salama, Mwenyezi Mungu apokee. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya goti, na kwa sababu Mansour alikuwa Ndola akitengeneza gia, na kwa sababu nyingine.

Mahindi yamevunwa. Lukusa ameleta gunia kutoka Kasaji kwa baiskeli hadi treni na kutoka treni kwa baiskeli, bukari yake, ugali mnavyouita huko, ni tamu. Mke wa Mansour amejifungua mtoto wa kike.

Tshibola yupo, hajambo. Zainabu pia yupo. Wanaelewana.

Nimeitazama ramani uliyoituma. Miti ni mizuri. Ile rangi ya njano, kama bado hujaifungua, iache kwenye boksi lake. Na usimweke mtu yeyote mahali ambapo nitahitaji kuvuka miti kumwomba chumvi.

Mengine sina.

Mwamini


Dar es Salaam, 8 Juni 2023

Shangazi,

Hongera kwa mtoto wa Mansour. Sisi wazima.

Nitaandika bila kuzunguka. Huko Kolwezi tuna fundi wetu wa vipimo, anaitwa Gael. Jumapili iliyopita alikwenda mtaani kwetu kupigilia vigingi. Alitarajia kuwakuta Waislamu wa kaya arobaini na moja majumbani. Alikuta mtaa karibu mtupu, milango imefungwa, kwaya inasikika kanisani. Aliyemtokea ni mbwa mmoja, akamkimbiza hadi barabarani. Nadhani ninamfahamu.

Kumbe karibu mtaa mzima mlijiandikisha Maniema. Lukusa ameandikwa Salimu. Nilicheka siku moja, halafu nikapata barua ya ofisi ya ardhi na kicheko kikaisha. Hati za nyumba zitatolewa kwa jina lililo kwenye orodha, na jina hilo litalinganishwa na kadi ya kura. Lisipofanana, hakuna hati. Nyumba ya zamani itabomolewa na mwenyewe hatapewa mpya. Mwisho wa kusahihisha ni tarehe 31 Oktoba. Zainabu hana kadi ya kura, Shangazi. Mama Tshibola atabaki nje na vyungu vyake kwa sababu ya jina ulilompa wewe.

Nimekasirika, na sioni haya kusema. Nilipigania ofisini ili watu waulizwe badala ya kupangiwa. Niliwaambia mabosi kwamba watu wakiheshimiwa watasema ukweli. Sasa wananitazama kama mtoto aliyeletwa kazini. Mngeniambia tu kwamba hamtaki kuulizwa.

Baba aliandika mtaa ule ule, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyemdanganya. Aliaminiwa. Nataka kujua mimi nimekosa nini ambacho yeye alikuwa nacho.

Bilkisi


Kolwezi, 1 Julai 2023

Mwanangu,

Leo sianzi na habari za goti.

Umemtaja baba yako katika barua tatu, na mara mbili nimepita kimya. Huenda ulidhani ni uzee. Nilikuwa nimeahidi kufa na jambo hili, na ningetimiza kama usingeuliza swali hilo kwa maneno hayo.

Mwaka 1993, mwezi wa tatu. Watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga. Hilo unalijua, umelisoma. Ambacho pengine hukukisoma ni namna waliofukuza walivyojua mlango upi ni wa nani. Mtaa wetu ulichanganyika, nyumba zote za mgodi, za aina moja, tofauti yake ni namba. Watu wawili waliovaa vizuri walimjia kaka yangu Shafii wakasema umepatikana msaada wa unga kwa ajili ya watu wa Kasai, maana wengi walishaachishwa kazi. Walihitaji orodha. Jina, namba ya nyumba, idadi ya watu, asili. Baba yako aliifanya kwa siku mbili, nyumba kwa nyumba, kwa hati ile nzuri. Kaya kumi na tisa. Watu walifurahi kuandikwa, walimpa chai.

Siku ya tano walikuja vijana wengi, daftari lile likiwa mkononi mwa anayewaongoza. Hawakumuuliza mtu njia.

Tshibola, mume wake Kankolongo na watoto wao wawili walikaa stesheni wiki saba chini ya shiti la plastiki. Kazadi, mdogo wa Kankolongo, alifia pale pale kwa kuhara. Kankolongo alifia ndani ya treni kabla ya Kamina. Nilikuwa napeleka chakula stesheni, na Shafii alikuwa anabaki nyumbani amekaa. Hakuandika tena kwa ajili ya mtu yeyote. Aliuza makaa hadi kifo chake. Siku aliyotoa rula kukufundisha wewe, ulikuwa na miaka saba, nilitoka nje nikakaa kwa Lukusa mpaka somo likaisha.

Mwaka 1998 Tshibola alirudi na watoto wake, nyumba yao ina watu wengine. Nikampa nusu ya lupango. Alidhani ni huruma, nami nikamwacha adhani hivyo. Hajui nani aliandika daftari lile. Ninakula naye kila siku, Bilkisi, na kila siku silisemi.

Kwa hiyo wasichana wako walipofika, wapole, wamefunga vilemba vizuri, na kuuliza asili, hatukupanga kitu. Nilisema Maniema kwa upande wangu. Kisha nikamwona Tshibola, mikono yake imesimama juu ya beseni la nguo. Nikasema huyu ni mdogo wangu Zainabu. Lukusa alisikia juu ya uzio, naye akawa Salimu. Kufikia adhuhuri karibu mtaa mzima ulikuwa umetoka Maniema, hata mzee Kabemba mwenye rozari shingoni.

Halafu ukatuma ramani yenye rangi. Najua ulikuwa na nia njema. Shafii naye alikuwa na nia njema. Wewe unasema kila dunia ipewe mahali pake ipumue. Sisi tumeshawahi kupewa mahali petu, palikuwa stesheni. Mimi na Tshibola dunia zetu ni mbili na hazijawahi kufanana, lakini ziko kwenye ua mmoja, zinasukumana, na tunajua kila mmoja anapokanyaga. Ukizitenga kwa miti hutaziheshimu. Utamrahisishia mtu mwingine kazi.

Hukukosa kitu ambacho baba yako alikuwa nacho. Naogopa ulikuwa nacho chote.

Shangazi yako


Dar es Salaam, 17 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Najua ni miezi miwili na nusu. Mansour alipita mara mbili akiuliza kama nina barua, nikamwambia sina. Yasmine nimemweleza juzi. Alilia, mimi sikuweza. Nimemkasirikia Baba na hayupo wa kunijibu, kisha nakumbuka alivyokuwa anapuliza wino ukauke na sijui hasira niipeleke wapi.

Nitakuambia nilichofanya ofisini, kwa sababu hilo naweza kuliandika.

Kwanza niliifuta safu ya asili kwenye faili, na nakala zake, kisha nikaifuta ramani ya rangi. Ndipo nikamwandikia bosi. Alisema ramani ile wafadhili wameipenda, imeshapigwa chapa kwenye kijitabu, na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kusema dunia nyingi. Nikamjibu kwamba nilichora dunia nyingi kama masanduku, na sanduku lina kifuniko. Hakupenda. Nimeondolewa kwenye mradi na jina langu limetolewa kwenye michoro.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshaelewana na Gael na mama mmoja wa ofisi ya ardhi, na wao wameendelea. Kutakuwa na meza mtaani siku mbili, tarehe 30 na 31 Oktoba. Orodha mpya ina safu tatu: jina la kwenye kadi, idadi ya watu, na nani unataka kupakana naye. Mtaa utapangwa kwa jibu hilo la tatu, na hakuna ukanda wa miti. Vyoo na njia za kuingia kila kaya itaelewana na jirani yake uwanjani, kwa kamba na chokaa, kabla ya msingi kuchimbwa. Kuta mbili na mlango katikati zimo. Gael anasema wakubwa wameruhusu kwa sababu ni nafuu kuliko kugombana.

Sasa jambo gumu. Mama Tshibola lazima aseme jina lake la kweli kwenye meza ile, la sivyo anapoteza nyumba. Wengine wote vilevile. Utaniuliza orodha itakwenda wapi baadaye. Moja itakaa kwenye kompyuta hapa Dar, moja ofisi ya ardhi, moja kwa kampuni. Nani ataisoma baada ya miaka kumi sijui. Siwezi kukuahidi. Mwambie hivyo hivyo, usimpambie.

Na kuhusu Baba, kama utamwambia au hutamwambia, sina haki ya kukuomba lolote.

Bilkisi


Kolwezi, 2 Novemba 2023

Bilkisi wangu,

Salaam kwako na kwa Yasmine. Mtoto wa Mansour ana meno mawili na amempa kila mtu alama. Mvua zimeanza. Sijawahi kuandika barua nikiwa na haraka ya kufika katikati yake kama hii, nisamehe salaam fupi.

Nilimsomea Tshibola barua yako Jumapili alipotoka kanisani, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nilimsomea yote, pamoja na habari za kompyuta. Nilipofika mahali ulipomtaja Baba nilisimama. Ningeweza kuruka mistari miwili na asingejua. Nikaweka karatasi chini nikamwambia. Shafii, daftari, unga, watu wawili waliovaa vizuri. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo miaka ishirini na tano na yaliisha kwa muda mfupi sana.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha. Alisema:

"Mwamini, ile daftari mi naijua. Shafii alikuya kwetu, mi njo nilimupikia chai. Akasoma majina yote, nikamuambia, Shafii, umesahau kwa Kazadi, bale banaishi nyuma, namba haionekane. Asipoandikwa atakosa bunga. Njo akamuandika. Shafii hakumujua Kazadi. Mi njo nilimutaya jina."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Na weye?"

Maharage yaliisha, akayachambua tena. Mbwa alikuja kulala kati yetu na mguu wake ukanigusa, sikuondoka. Nililia kidogo, yeye alilia zaidi, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Nilidhani nimembebea mzigo peke yangu, kumbe alikuwa na wake mkubwa zaidi, tena chini ya bati langu.

Sikumwomba aende mezani. Siku ya kwanza hakwenda. Mimi pia sikwenda, nilisema goti.

Siku ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, alivaa kikwembe, kitenge chake cha Jumapili, akachukua kadi yake, akaniambia nimfuate. Meza ilikuwa kwenye njia, chini ya mwavuli, Gael na mama wa ofisi ya ardhi. Zamu yake ilipofika alikataa kiti. Akasema jina lake akiwa amesimama, Tshibola, mjane wa Kankolongo, watu watatu. Watu wa mtaa waligeuka wakamtazama, kwa sababu wote walimzoea Zainabu miezi minane. Mama wa ardhi akauliza anataka kupakana na nani. "Na huyu mwenye iko nyuma yangu. Na mulango ikuwe katikati. Mulango, hapana dirisha." Ikaandikwa. Baada yake nikaandikwa mimi, baada yangu mzee Kabemba, na walioogopa siku ya kwanza wakaanza kutoka majumbani na kadi zao.

Kufikia saa tisa orodha ilikuwa imekaribia kukamilika. Palibaki nyumba moja imefungwa, ya Lukusa. Alikuwa amekwenda Kasaji kwa mahindi na treni ilichelewa. Gael akatazama saa, akasema wanafunga saa kumi na moja na orodha inaondoka jioni hiyo. Mama wa ardhi ni mtu mwema, Bilkisi, nilimwona, hakutaka Lukusa akose nyumba. Akashika kalamu akamgeukia Tshibola, aliyekuwa bado amesimama pale pembeni.

"Mama, wewe ni jirani yake wa siku nyingi. Nitajie tu jina lake kamili, nimwandike, asipoteze haki yake."

Tshibola aliitazama ile nyumba. Yeye na Lukusa wameimba kwaya moja tangu aliporudi. Alimsimamia mtoto wa Lukusa ubatizo. Majina ya Lukusa yote matatu anayajua, na ya baba yake.

"Mi sijue," akasema.

"Humjui jirani yako?"

"Namujua muzuri. Njo maana."

Kisha akavuta kile kiti alichokikataa asubuhi, akaketi mbele ya meza, akaweka mikono yake miwili juu ya karatasi. Gael hakuthubutu kuivuta. Walingoja. Lukusa alitokea saa kumi na nusu akisukuma baiskeli yenye gunia, jasho linamtoka, na Tshibola akainuka akampisha, aseme mwenyewe.

Wako,
Mwamini